Mwalimu wa Pugu: Mtu Aliyefuata Nia Yake kwa Miguu



Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha fariki, ambaye habari zake zaweza kuwafaa vijana. Nimemchagua hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua wapo watakaoguna na kusema kwamba habari za Mwalimu tumezisikia tangu darasa la kwanza. Ni kweli. Lakini mara nyingi tunasimuliwa aliyoyatenda kana kwamba yalitendeka yenyewe, kwa sababu tu alikuwa mtu mkubwa. Mimi nataka kutazama jambo dogo zaidi: mtu huyu akishatia nia, kesho yake asubuhi alifanya nini?

Swali hili si la bure. Kila nifikapo Kibaha nikazungumza na vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita, malalamiko ni yale yale. Ratiba ya kujisomea imechorwa kwa rula na kalamu za rangi tatu, imebandikwa ukutani juu ya kitanda, na juma la pili halijaisha imekwisha sahauliwa. Vijana hawa si wavivu wala si wajinga. Wangekuwa hivyo wasingefika Kibaha. Kinachowashinda ni ile njia iliyopo kati ya kutaka na kutenda. Na katika nchi yetu simjui mtu ambaye njia hiyo inaonekana wazi zaidi katika maisha yake, mahali alipofika na mahali alipopotea, kuliko yule aliyekuwa mwalimu wa historia pale Pugu, jirani na Kisarawe.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki. Alianza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Akaingia Tabora mwaka 1937, Makerere mwaka 1943, akafundisha St. Mary's Tabora kuanzia mwaka 1946, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, alikopata shahada ya M.A. mwaka 1952. Hayo yamo katika kila kitabu na sitakaa hapo. Nataka twende Pugu.

Mwenye kutoka Dar es Salaam kwenda Kisarawe hana budi kupita Pugu. Ni vilima vyenye msitu na udongo mweupe, na reli ya kati inapita hapo ikielekea Morogoro. Siku hizi Pugu iko katika Mkoa wa Dar es Salaam na mabasi hayaishi, lakini katika miaka ya 50 ilikuwa shamba hasa. Huko ndiko kulikokuwa na Chuo cha St. Francis cha wamisionari wa Kikatoliki, ambacho leo ni Shule ya Sekondari ya Pugu. Mwalimu Nyerere alimwoa Mama Maria mwezi Januari 1953, na mwaka huo huo wakahamia Pugu, akawa anafundisha. Alikuwa na kazi ya heshima, nyumba, na shahada ambayo Waafrika wachache sana wa Tanganyika walikuwa nayo. Mtu angeweza kuzeeka hapo kwa raha.

Tarehe 17 Aprili 1953 akachaguliwa Rais wa TAA, chama cha Waafrika kilichokuwa kimeanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Sasa tazameni shida yenyewe. Darasa liko Pugu, chama kiko Kariakoo, na kati yake ni mwendo wa kilomita 20 na ushee. Jumatatu hadi Ijumaa ana vipindi, ana madaftari ya kusahihisha, na nyumbani ana mke aliyemwoa juzi. Watu wengi waliochaguliwa katika vyama vya namna hii walikuwa wakitia nia kubwa siku ya uchaguzi, kisha chama kinalala mpaka uchaguzi mwingine.

Wazee waliokuwa naye wamesimulia mara nyingi kwamba mwisho wa juma Mwalimu alikuwa akishuka kutoka Pugu kwenda mjini kwa miguu, ingawa mara nyingine wenzake wenye gari walimsaidia. Huko alikutana na akina Abdulwahid Sykes na ndugu yake Ally, Dossa Aziz, John Rupia na wengineo, watu wa mjini waliokuwa wamekishughulikia chama kabla yake na waliojua mji na wenyeji wake kuliko yeye. Wengi wanaposimulia safari hizo husifu miguu yake. Mimi naona miguu ni jambo la pili. La kwanza ni kwamba nia yake ilikuwa na siku, ilikuwa na mahali, na mwisho wa njia walikuwapo watu wanaomngojea. Mtu anayengojewa hahitaji kujiuliza kila Jumamosi kama leo anajisikia kwenda au hajisikii. Neno limekwisha kukatwa.

Hapa niingize habari ya kitaalamu kidogo. Mwaka 1999 mtaalamu wa saikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, alichapisha makala iliyokusanya matokeo ya majaribio ya aina hii. Kwa ufupi, watu walioamua mapema ni saa ngapi, ni wapi na kwa hatua ipi watalianza jambo walilitimiza zaidi kuliko wale waliolitaka tu, hata kama kutaka kwao kulikuwa kukubwa sawasawa. Akili ya binadamu husahau, huvutwa na la karibu, na huchoka kuamua. Ukiamua mara moja kwamba baada ya kengele ya chakula cha jioni unakaa kwenye kiti fulani na kufungua daftari la fizikia, kengele yenyewe inakukumbusha. Ukiandika tu kwamba utaongeza bidii katika fizikia, hakuna kitu cha kukukumbusha. Mwalimu hakuwa na haja ya makala hiyo. Yeye alikuwa na Jumamosi na barabara ya Pugu.

Matokeo yanafahamika. Katika muda wa miezi 15 hivi TAA iligeuzwa kuwa chama cha siasa kamili, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Pia yafaa ifahamike kwamba tangu mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiingiza katika siasa, hivyo wengi wenye elimu walikuwa wakikaa kando. Mwalimu alikuwa shule ya misheni, hakuguswa moja kwa moja, lakini kila mtu aliona kwamba siku yake inakuja.

Ikaja mwezi Machi 1955. Wanachama walichanga fedha, akasafiri kwenda New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa madai ya Watanganyika. Aliporudi, alitakiwa achague: ualimu au siasa. Mwezi huo huo akaandika barua ya kuacha kazi.

Naomba wadogo zangu msiipite sentensi hiyo haraka. Mtu huyu alikuwa na familia changa. TANU haikuwa na mshahara wa kumlipa wenye kulingana na ule wa Pugu, na hakuna aliyejua kama Uhuru ungekuja baada ya miaka 6 au 30. Akaacha nyumba ya shule, akarudi kwao Butiama na mkewe, na kwa miezi kadhaa akapata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll na kwa kutafsiri. Rais wa TANU anafundisha lugha ya kwao nyumbani! Wapo waliodhani mambo yamekwisha. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi Dar es Salaam na kuanza kuizunguka nchi.

Katika kusoma habari zake nimeona kwamba hii ilikuwa desturi yake. Kila alipoamua jambo zito alitoa kitu mkononi kwanza. Wengi wetu tunataka kuongeza: tunaongeza somo, tunaongeza mchezo, tunaongeza uongozi wa bweni, wala hatutoi kitu, na saa za siku ni zile zile 24. Yeye alitoa. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na tarehe 22 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia, akajiuzulu Uwaziri Mkuu. Alimwachia Rashidi Kawawa serikali, naye akaenda kukijenga upya chama mikoani, kwa sababu aliona hawezi kufanya yote mawili vizuri. Dunia ilishangaa. Desemba 1962 akarudi akiwa Rais wa Jamhuri.

Vivyo hivyo mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na kulalamikia mishahara, aliwarudisha makwao wapatao 400, na papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tunaweza kubishana kama aliwatendea haki wale vijana. Mimi naona adhabu ilikuwa kali. Lakini suala la mshahara wake hakulipeleka kwenye kamati. Na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mwezi Oktoba mwaka huo alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Miguu ya Pugu ilikuwa bado haijachoka.

Kuna kazi yake moja ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haikuwa na shangwe wala ngoma. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye kila aina ya mashaka, ilitoka tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Julius Caesar wa Shakespeare. Mwaka uliofuata ulikuwa na maasi ya askari mwezi Januari na Muungano mwezi Aprili. Tungedhani vitabu vimewekwa kabatini. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri ile ile imesahihishwa upya, kwa jina la Juliasi Kaizari, na pamoja nayo mchezo mwingine, Mabepari wa Venisi. Hakuna aliyemlazimisha kurudi kwenye kitabu kilichokwisha chapwa. Shairi la mizani ya Shakespeare huwezi kulitafsiri kwa kulivamia siku moja. Ni mistari michache, kisha mistari michache mingine, haba na haba mpaka kibaba kijae. Na jambo aliloanza alilirudia kulikagua, tabia ambayo kwa wanafunzi wengi huishia pale mtihani unapokusanywa.

Sisi wa Kibaha tuna ushahidi wetu wenyewe chini ya miguu yetu. Mwaka 1963, wakati wa serikali yake, ulianzishwa hapa mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, yaani Sweden, Denmark, Norway na Finland: shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha kuwafundisha wakulima, mahali pamoja, kupigana na ujinga, maradhi na umaskini. Sekondari yetu ilifunguliwa mwaka 1965. Jambo linalonivutia mimi ni kwamba wageni hawakukaa hapa daima. Mwezi Januari 1970 wakakabidhi, ndipo likawa Shirika la Elimu Kibaha. Wangapi wameona miradi iliyoanza kwa sherehe na ambayo mpaka leo haijulikani mwenyewe ni nani? Wa kwetu ulikabidhiwa.

Lakini nisiwadanganye vijana kwamba Mwalimu alitimiza kila alilolitia nia. La hasha. Na hapa ndipo mafunzo yalipo mengi, ijapokuwa katika mikusanyiko kama yetu huwa tunapapita haraka kwa heshima ya marehemu. Nadhani heshima yake haipungui tukisema kweli.

Mwezi Oktoba 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma katika muda wa miaka 10. Tarehe ilikuwapo, mahali palikuwapo, na mamlaka ya kuujenga mji iliundwa. Miaka 10 ikapita, na 20, na 30. Waziri Mkuu alihamia Dodoma mwaka 2016, Mwalimu akiwa amekwisha fariki miaka 17, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa mwaka 2023. Fedha zilikosekana, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula akiba, bei ya mafuta ilipanda. Sababu hizo ni za kweli. Lakini iko na nyingine. Walioagizwa kuhama walikuwa maelfu ya watu wenye nyumba zao, shule za watoto wao na biashara zao Dar es Salaam, na hakuna aliyekuwa ametoa kitu mkononi kama yeye alivyotoa Pugu. Kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie.

La vijiji ni zito zaidi. Mwaka 1973 iliagizwa kwamba kuhamia vijijini si hiari tena, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kazi iwe imekwisha. Kwa hesabu ilikwisha: mamilioni ya watu walihamishwa. Lakini mahali pengine walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zikachomwa moto. Katika wilaya za korosho na minazi, ikiwamo Kisarawe, mti hauhami na mwenyewe. Mkulima akihamishiwa mbali, mikorosho yake hubaki porini bila kupaliliwa. Nchi nzima ilivuna tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Kufikia katikati ya miaka ya 80 mavuno yalikuwa chini ya tani 40,000. Magonjwa ya mikorosho na bei mbaya vilichangia, lakini kuwatenga watu na miti yao kulichangia sana. Nia ya asili ilikuwa watu waishi pamoja, wafanye kazi pamoja na kwa hiari. Tarehe ilitimizwa, nia ikabaki njiani. Mwanafunzi anayekesha ili tu aseme amemaliza kurasa 40, bila kuelewa hata 4, anaijua hali hii kwa kadiri yake.

Kati ya hayo mawili liko la elimu ya msingi. Mpango wa kwanza ulikuwa kila mtoto awe shuleni ifikapo 1989. Mwezi Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma ikaivuta tarehe hiyo mpaka 1977. Watu walijenga madarasa kwa mikono yao, waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakiwa kazini, na karibu watoto wote wa umri wa kwenda shule wakaandikishwa. Ubora wa mafunzo uliumia, na wapo wanaosema mpaka leo haujapona. Hata hivyo wengi wetu tunaosoma jarida hili tuna kaka au dada ambaye asingalishika kalamu kama tarehe ingebaki 1989. Mimi jambo hili silihukumu kwa wepesi.

Mwaka 1985, tarehe 5 Novemba, alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Akarudi Butiama kulima. Katika Afrika ya siku zile kutia nia ya kung'atuka kulikuwa jambo la kawaida katika hotuba, kulitekeleza ndiko kulikokuwa adimu. Katika kustaafu alirudia kazi ya mistari michache michache: aliigeuza sehemu ya Biblia kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996.

Mwaka huo huo alikubali kuwapatanisha Warundi. Alikuwa na miaka 74. Mazungumzo ya Arusha yalikuwa ya vyama vingi, kila kimoja na majeraha yake, na yalikwenda polepole mno. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, hayakuwa yamekwisha. Nelson Mandela aliyapokea, na mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Kazi ilikuwa imepangwa kwa kamati, ina mahali pake na watu wake wanaokutana, ndiyo maana mwingine aliweza kuishika.

Sasa nina ombi kwa kamati ya mkutano wetu, nami nimekwisha kumwandikia katibu. Barabara ya zamani ya Pugu, ile aliyokuwa akiishuka, leo inaitwa Barabara ya Nyerere na inapita mbele ya uwanja wa ndege wenye jina lake. Napendekeza Jumamosi itakayofuata mkutano tukutane kwenye lango la Sekondari ya Pugu saa 12 asubuhi, wazee na wanafunzi, tutembee mpaka Mtaa wa Lumumba, Kariakoo, TANU ilikozaliwa. Wasioweza mwendo mzima watatungojea uwanja wa ndege. Kila mtu abebe maji yake, na atakayekuja aandike jina lake kwa katibu kabla ya kuondoka ukumbini.